Mkia wa Kondoo

Chaki ya mwalimu Dulamsuren ilikatika mara mbili
kabla hajalimaliza neno ubaoni: LIPIDI.
"Ni ukoo," alisema, "wenye watoto wasiofanana.
Mafuta yumo, nta yumo, lehemu yumo.
Watie majini uone: wote watakukimbia."
Nikanakili, vidole vimekufa ganzi.
Nje ya bweni Gobi ilikuwa nyeupe hadi mwisho wa macho.

Likizo ya Mwezi Mweupe nikarudi hemani
na neno lile mfukoni kama ufunguo wa nyumba ya watu.
Nikalijaribu kila mahali.
Likafungua chai: macho ya siagi
yakielea juu ya maziwa na chumvi, yakinitazama.
Likafungua viganja vya mama, laini kuliko vya mwalimu,
maana kila kiangazi hukata manyoya
na nta ya kondoo humwingia ngozini bila hodi.
Likafungua taa, buti za baba, uboho ndani ya mfupa,
na kinywa cha Temuulen, miezi saba, fizi tupu,
aking'ang'ania kipande cha mafuta ya mkia
kilichofungwa uzi asije akakimeza.

Baba peke yake hakufunguka.

Daktari wa wilaya alikuwa amempa karatasi:
lehemu imezidi katika damu, mshipa unaziba,
mkia wa kondoo sasa basi.
"Mwaka wa theluji ya chuma," baba alisema,
karatasi ameifanya kawa la bakuli,
"barafu ilifunika nyasi, kwato zikatoka damu.
Waliofika masika ni wenye mikia minene.
Wembamba niliwakuta asubuhi wamesimama wima,
nikadhani wananingoja.
Leo kijana mwenye koti jeupe anifundishe adui yangu?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne na daftari.
Nikamwambia: baba, si adui, si rafiki.
Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana,
na kila kijumba ukuta wake ni lipidi.
Kila moja ina kichwa kipendacho maji
na mikia miwili iyaogopayo,
basi hujipanga safu mbili, mikia ndani, vichwa nje.
"Kama kondoo kwenye dhoruba," akasema.
La, kondoo huficha vichwa.
Hizi huficha mikia.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu karatasi ile.

Na lehemu, nikaendelea, nayo imo ukutani,
jina moja na ile unayoungia birika likitoboka;
baridi ikija, huzuia ukuta usikakamae.
Pungufu, huna hema. Ikizidi, huna njia.
Hata hasira hii inapita mle mle:
ukiukausha ubongo maji yote,
zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta.
"Kwa hiyo ninafikiri kwa mkia," akasema.
Mama akaziba mdomo kwa ukosi wa deeli yake.

Hakuniambia nimeshinda. Alichomoa kisu,
akakata pande jeupe linalotetemeka,
la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba,
akalitafuna polepole, macho amefumba,
kama anayesoma barua kutoka kwa mtu aliyehama.
Lililobaki akampa mama. Akapaka buti.
Akapaka mlango, bawaba zikanyamaza.

Wahenga husema akiba haiozi;
hawakuonja mafuta yaliyochacha.
Lakini ndiyo akiba pekee ninayoijua
inayoweza kutembea kwa miguu minne
kuelekea kwenye nyasi.

Usiku wa manane upepo ulipiga hema,
manyoya yaliyoshindiliwa yakapumua, ndani nje, ndani nje.
Nikasikia kisu kikigusa sahani, taratibu,
kisha kimya cha mtu anayetafuna asisikike.
Nikageukia ukutani.
Temuulen alikuwa macho, uzi mdomoni,
akimtazama baba kwa wivu.